Goya hakuuawa masikio na rangi
Hii hoja kwamba sumu ya madini ya risasi ndiyo iliyompa mchoraji Goya uziwi hainiingii akilini. Ni kweli Goya alishinda na rangi nyeupe yenye madini hayo, lakini baada ya kuugua kule Andalusia mwishoni mwa 1792 aliendelea kuitumia miaka zaidi ya 30, na bado macho na kizunguzungu vilipona. Uziwi tu ndio haukumtoka hadi anafariki 1828, mzee wa miaka 82. Kaswende? Ingeshamharibu akili zamani. Mimi naegemea ugonjwa wa Susac: kinga ya mwili hushambulia ubongo, macho na masikio, kisha ugonjwa huweza kutulia wenyewe. Na ile picha ya 1820, Goya hoi kashikilia shuka, Daktari Arrieta akimnywesha dawa, ni ya ugonjwa mwingine, wa 1819. Usiyachanganye magonjwa hayo mawili.