Hukumu kwa Siku 60, Malipo kwa Siku Ngapi?

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021 kabla ya kusambaa hadi Meru na Embu, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Kasi hiyo inastahili sifa, lakini hukoma siku mwamuzi anapotia sahihi, kwa kuwa utekelezaji hufuata Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, ile ile inayotumika kwa madeni ya mamilioni, na mdai aliyeshinda kwa miezi miwili anaweza kuifukuzia haki yake hadi miaka 12.

Wengi hukimbilia dalali wa mahakama, ambaye huandika orodha ya mali ya mdaiwa na kumpa siku saba za kulipa kabla ya kuibeba mnadani. Kwa deni la shilingi 30,000, ada, usafiri na hifadhi ya mali huweza kumeza karibu chote kinachopatikana, hasa kwa vile sheria imekinga vifaa vya kazi na, kwa mkulima, mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza (kiasi ambacho leo hakinunui hata mtamba).

Kifungo cha madai nacho, kinachoweza kufika miezi sita, hutisha kuliko kinavyolipa: mdai ndiye anayegharimia posho ya mfungwa, deni halifutiki mfungwa anapotoka, na mahakama haina budi kuridhika kwanza kwamba mdaiwa ana uwezo ila anakataa kulipa, au ana nia ya kutoroka. Kumfunga mchuma majani chai ni kumwondoa shambani pesa zinakotoka.

Njia inayofaa zaidi, nayo haitumiwi inavyostahili, ni kukamata fedha ambazo mdaiwa mwenyewe anadai kwingine. Mkulima wa Imenti, Meru, au Runyenjes, Embu, anayepeleka majani chai katika kiwanda kilicho chini ya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, hulipwa kila mwezi, kisha hupata bonasi mara moja kwa mwaka, na kiwanda kinaweza kuagizwa na mahakama kumlipa mdai sehemu ya fedha hizo. Huko Igembe, pia Meru, mambo ni magumu zaidi, kwani miraa huuzwa kwa pesa taslimu, aghalabu bila daftari, na hapo ni awamu ndogo ndogo tu zinazoweza kumbana mdaiwa.

Kwa hiyo kanuni za mahakama hii zinapaswa kumlazimu mwamuzi, siku ile ile ya hukumu, kumhoji mdaiwa kuhusu mapato yake na anayemlipa, kuandika majibu hayo katika jalada, na kupanga awamu za malipo kabla pande zote mbili hazijaondoka mahakamani.