Nilifunga filta ya pili kwa pikapu ya mzee. Kabla uniige, soma hii



Kama umenifuata tangu mwaka jana, unaikumbuka ile video. Niko chini ya Hilux ya mzee, mikono myeusi mpaka kwa kiwiko, nawaonyesha filta ya pili ya oili niliyoifunga kando ya injini. Nikasema, "Wasee, sasa oili inakaa safi kama asali." Hiyo video ilitembea kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Mpaka leo kuna watu wananisimamisha stage ya Iten kuniuliza ile filta nilitoa wapi.

Juzi mtu anayeuza hizo filta akaniandikia. Anataka nitengeneze video nyingine, na pesa aliyotaja ingelipa rent yangu miezi miwili. Nimelala nayo siku tatu. Nimemwambia hapana, kwa sababu kuna nusu ya hii stori sijawahi kuwaambia.

Kwanza tuelewane hii kitu ni nini. Injini ya dizeli ikichoma mafuta inaacha masizi. Sehemu ya hayo masizi inapenya kando ya pistoni na kushuka ndani ya oili. Ndiyo maana unaweza kuweka oili mpya leo na kesho kutwa uikute nyeusi tititi. Weusi peke yake si ugonjwa, oili imewekewa dawa ya kubeba uchafu na inaubeba. Huku kwetu kuna la ziada. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini za zamani zisizo na turbo (ya injini, si ile center ya kwenda Webuye) zikibebeshwa mzigo mlimani zinatoa moshi mweusi. Moshi mweusi ni masizi. Injini ya mzee ni 5L, lita tatu, haina turbo. Unaielewa hiyo picha.

Filta ya kawaida haiwezi kumaliza hayo masizi. Oili yote inayoenda kwa beringi inapita pale, kwa hivyo matundu yake yakiwa madogo sana injini itakosa oili. Nyingi zinashika vizuri uchafu wa mikroni 20 na kuendelea. Unywele wako ni kama mikroni 70. Chembe moja ya masizi haifiki hata mikroni moja, na hata zikishikana bado nyingi zinapita.

Filta ya pili inafanya kazi kama baipasi yetu. Magari mengi yanaendelea na barabara ya kupitia town, machache yanakata kando pale Cheplaskei. Vivyo hivyo, oili nyingi inaendelea na njia yake ya kawaida, kidogo tu inachepuka, inapita polepole kwenye filta nzito inayoweza kushika mpaka mikroni 2 au 3, halafu inarudi kwa sampu. Baada ya muda oili yote inakuwa imepita huko. Wazo lenyewe si la jana. Ernest Sweetland wa Marekani aliomba hataza ya filta ya oili ya gari mwaka wa 1923, akaiita Purolator, na filta nyingi za enzi hizo zilikuwa za kuchepusha oili kidogo hivyo hivyo. Hata leo, yale malori ya Scania unayaona yakipita hapa kuelekea Malaba yana kitu ndani kinachozunguka kwa kasi na kurusha masizi pembeni yagande. Kwa hivyo sikuja hapa kuwaambia ati hii kitu ni uongo. Inafanya kazi.

Sasa ile nusu nyingine.

Nilikuwa nimeacha chuo semesta ya nne. Nyumbani hakuna aliyenipigia makofi. Mzee anategemea hiyo pikapu, anabeba viazi kutoka upande wa Burnt Forest, na msimu wa maembe anashuka Kerio. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba hizi video zinaweza kuleta kitu nyumbani. Nikaagiza filta, na usafiri ikanigharimu 35,000. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba nikishaifunga, oili inaweza kwenda kilomita 15,000 badala ya 5,000. Nikamwambia mzee, "Tulia, umewacha kununua oili kila saa."

Siku ya kufunga, mpira uliokuja na ile filta ulikuwa mfupi. Nikakata kipande cha mpira wa kupitisha dizeli, nikaukaza kwa klipu za skurubu. Fundi wetu aliuangalia akaguna. "Kijana, hiyo mpira si ya oili. Oili ya moto na presha itaimaliza. Na hapo inagusana na chuma." Nikamwambia, "Fundi, tufunge tu, nitaleta ingine wiki ijayo." Kisa na maana, nilikuwa nimeahidi watu video Ijumaa.

Hiyo wiki ijayo haikufika. Na kuna kosa la pili, baya kuliko hilo. Kwa kuwa niliamini filta itasafisha kila kitu, nikaanza kumnunulia mzee oili ya kupimiwa kwa mtungi, ile haina jina. Nilijiambia, si itachujwa?

Miezi saba baadaye, Januari, mzee alikuwa anapanda kutoka Kerio na mzigo wa maembe. Mnaijua ile kona kona ya Tambach, kutoka kule chini mpaka Iten ni zaidi ya mita 1,000 za kupanda. Mpira ukapasuka. Presha ile ile iliyokuwa inapeleka oili kwa filta yangu ikaanza kuimwaga barabarani. Taa ya oili iliwaka, lakini uko mlimani, una mzigo, lori liko nyuma yako, huwezi kusimama katikati ya kona. Alipopata mahali pa kuegesha, injini ilikuwa imeshaanza kugonga.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, maembe yanaanza kunuka jua. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Kijana yangu, ulikuwa unasafisha oili ama unaimwaga?"

Injini ikafunguliwa. Krankshafti ikaenda kuchongwa, beringi zikanunuliwa mpya. Fundi akatoa kifuniko cha juu akaniita nione. Chini yake kulikuwa na tope jeusi, zito kama grisi. Akachota na bisibisi akapaka kwa gazeti. "Hii haikuletwa na mpira kupasuka," akasema. "Hii ni oili iliyokufa kitambo." Ilikuwa imepita kilomita 14,000. Ng'ombe mmoja akauzwa. Dada yangu wa kidato cha tatu alirudi shule wiki mbili baada ya wenzake. Na mimi hata siku moja sikuweka video ya hiyo siku. Ile ya asali niliiacha ikiendelea kutembea.

Basi msimamo wangu ni huu, na siuogopi: msee mwenye pikapu moja ya kazi hapa Eldoret hahitaji filta ya pili. Anahitaji oili ya ukweli, filta ya kawaida ya ukweli, na kubadilisha kwa wakati.

Filta inatoa kitu kilichoingia kwenye oili. Haiwezi kuongeza kitu ambacho hakikuwepo. Oili nzuri ya dizeli ina dawa ndani yake, ya kupambana na asidi, ya kuzuia masizi yasigandane, ya kulinda chuma kisilane na chuma. Hizo dawa zinaisha injini inapofanya kazi, hata oili ikichujwa namna gani. Na kama ulinunua feki, hazikuwepo tangu mwanzo. Nchi hii ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini wewe na mimi tunajua mtungi wa oili unaweza kujazwa upya nyuma ya duka lolote. Pia filta haiondoi dizeli iliyovuja ikachanganyika na oili. Kama nozeli zako zimechoka, oili itakuwa nyepesi kama chai na filta mbili juu.

Halafu kuna hesabu. Mzee anaenda kama kilomita 25,000 kwa mwaka, hizo ni sevisi tano. Kila moja ni kama 5,000 ukinunua vitu vizuri, jumla 25,000. Tuseme filta ya pili inakuruhusu kubadilisha oili nusu ya hizo mara, umeokoa 12,500. Toa 7,000 za kubadilisha filta yenyewe mara mbili, unabaki na 5,500. Gawanya ile 35,000 niliyotumia. Ni zaidi ya miaka sita kabla hujarudisha pesa yako, na hapo hatujahesabu kupeleka oili ipimwe maabara, ambayo ndiyo njia pekee ya kujua kama kweli inaweza kwenda mbali hivyo. Lori lenye sampu ya lita zaidi ya 30 linalotembea usiku na mchana, hesabu yake inakubali. Pikapu yenye lita sita, haikubali.

Kuna mtu atasema, "Wewe ulifunga vibaya, usilaumu filta." Ni kweli nilifunga vibaya. Kama una magari kadhaa, unapima oili, na pesa ya majaribio iko, funga. Lakini tumia mpira wa oili wenye waya ndani na viungo vya kukaza kwa nyuzi, uufunge mbali na chuma chochote kinachotikisika na mbali na ekzosi. Hakikisha kuna kile kitundu chembamba cha kupunguza oili inayochepuka, la sivyo utaiba presha ya injini. Na uangalie kila asubuhi. Ukiona kazi hiyo ni nyingi, basi hiyo filta si yako.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fundi aliniambia. Hana cheti, na mimi niliyekaa darasani semesta nne sikumsikiliza kwa sababu kamera ilikuwa imewashwa. Sisi wa kutengeneza video tunapenda kitu cha kufunga, kinang'aa, kina kabla na baada. Kubadilisha oili kwa wakati haipati hata watazamaji mia.

Ile video nimeitoa leo asubuhi. Filta nimeifungua, iko chini ya kitanda, na siuzi, msiniulize. Kwa dashibodi ya mzee kuna daftari la kurasa 32. Tunaandika tarehe, kilomita, aina ya oili na duka tulilonunua. Sevisi ijayo imebaki kilomita 600, na safari hii mzee amesema ataenda kununua oili mwenyewe.