Moteri mpya inapewa rodaje, manseba mpya hapewi

Mtu akinunua pikipiki mpya hapa Lubumbashi, muuzaji humpa onyo moja kabla hajaondoka: ipe rodaje. Kwa kilometa mia kadhaa za kwanza usivute gazi hadi mwisho, usibebe mzigo mzito, kisha mwaga mafuta ya kwanza ya moteri na utie mengine mapya. Wenye pikipiki wengi wanaifuata sheria hiyo, kwa sababu moteri ikiharibika ni pesa yao inayopotea.

Kijana anayekabidhiwa pikipiki hiyo, yeye hapewi rodaje. Asubuhi rafiki yake anamfundisha kwenye kiwanja cha mpira cha mtaa, Katuba au Ruashi, jinsi ya kuachilia embreyaje na kubadilisha vitesi. Akizunguka kiwanja mara kumi bila kuanguka, anaambiwa amekwisha kujua. Kesho yake yuko kwenye barabara ya Kasenga, na mama mwenye mtoto mgongoni amekaa nyuma yake.

Maoni yetu ni haya: anayejifunza pikipiki asibebe mtu kwa miezi mitatu ya kwanza. Si lazima kungoja sheria mpya kutoka Kinshasa ili jambo hilo lianze. Linaweza kuanzia kwa mwenye pikipiki, kwa chama cha manseba na kwa abiria mwenyewe.

Kuna sababu inayotokana na pikipiki zenyewe. Nyingi zinazofanya kazi ya teksi mjini kwetu ni za moteri ya 125 au 150, zilizotengenezwa India au China. Ukiitazama kwa mbali, utadhani ni pikipiki ya nguvu nyingi: tangi pana, kiti kirefu, chuma cha kubebea mizigo nyuma, na kimo kinachomfanya kijana mfupi aguse chini kwa ncha za vidole tu. Lakini ndani ya mwili huo mkubwa mna moteri ndogo, ambayo nguvu yake ni kama farasi kumi au zaidi kidogo. Moteri hiyo inatosha kumbeba mtu mmoja na kilo zake, na esanse kidogo inaifikisha mbali. Ndiyo maana imewafaa watu wetu. Haikutengenezwa kwa kazi ya kila kitu ambacho kiti chake kinaweza kubeba.

Mwenye kujifunza anadanganyika mara mbili. Anasikia watu wakisema ni moteri ndogo tu, naye anaamini haihitaji shule. Kisha anaona kiti kirefu, anaamini kinaweza kubeba watu watatu na mfuko wa unga. Chombo kinachomdanganya mtu pande zote mbili kinamhitaji aliyezoea.

Tupige hesabu ambayo haifundishwi kwenye kiwanja cha mpira. Lori lenye urefu wa metre 20, kama yale yanayobeba shaba kuelekea Kasumbalesa, linakwenda kilometa 40 kwa saa. Manseba mwenye abiria wawili anataka kulipita, na moteri yake inamfikisha kilometa 50. Tofauti yao ni kilometa 10 tu kwa saa, yaani chini ya metre 3 kwa sekunde. Ili atoke metre 10 nyuma ya lori hadi metre 10 mbele yake, anahitaji sekunde 14 hivi. Katika sekunde hizo yeye mwenyewe atakuwa amekwenda metre 200. Gari linalokuja mbele yake kwa kilometa 60 litakuwa limekwenda metre 240. Kwa hiyo alihitaji barabara tupu ya metre 440 kabla hajaanza. Mwendeshaji wa zamani anaijua hesabu hiyo kwa macho, hata kama hajawahi kuiandika. Mgeni anavuta gazi, anakuta gazi limekwisha, na lori bado liko pembeni yake.

Tena Lubumbashi ina hatari yake ya pekee. Sisi tunapita upande wa kuume wa barabara, lakini magari mengi ya mji huu yana usukani upande huo huo, kwa sababu tuko karibu na Zambia, ambako watu wanapita upande wa kushoto, na magari mengi yanatufikia kwa njia ya kusini. Malori ya kutoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini nayo ni hivyo. Dereva wa gari la namna hiyo anakaa karibu na ukingo wa barabara. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake, lazima atoe pua ya gari nje kwanza ndipo aone kama kuna mtu anakuja. Na pikipiki inayompita kwa kushoto iko mbali na jicho lake. Anaitegemea kioo tu. Manseba mzoefu anatazama usukani uko wapi kabla ya kuamua. Huo ni ujuzi unaohitaji wiki nyingi, na haufai kutafutwa mtu akiwa amekaa nyuma.

Kuna pia suala la freni. Karibu kila anayeanza anakanyaga freni ya nyuma peke yake, kwa sababu ameambiwa kwamba ya mbele itamwangusha. Ukweli ni kwamba pikipiki ikisimama, uzito mwingi unakwenda mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kuisimamisha. Gurudumu la nyuma likifungwa, pikipiki inateleza. Kutumia freni mbili kwa pamoja, polepole kwanza halafu kwa nguvu, ni jambo la kurudia mara mia mahali patupu. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa pikipiki inakwenda metre 11 kila sekunde. Sekunde moja ya kufikiri ni metre 11 zimekwisha kabla mkono haujagusa freni. Ukiongeza abiria wawili, mahali pa kusimama panasogea mbali zaidi, na mwendeshaji hajawahi kupima ni umbali gani.

Na mvua hazijatajwa bado. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa ine, udongo mwekundu wa mitaa ya Annexe na Kampemba unageuka utelezi, na mashimo yanajaa maji hata usijue kina chake. Wakati wa kiangazi vumbi linafunika lami na kuifanya kama mchanga. Anayejifunza mwezi wa saba hajajifunza ya mwezi wa kwanza.

Mahali pengine wameliona jambo hili. Kule Uingereza, tangu mwaka 1990, mtu anayeanza kuendesha pikipiki barabarani lazima apite kwanza mafunzo ya msingi ya lazima. Akiyamaliza, anaruhusiwa pikipiki isiyozidi moteri ya 125, anabandika herufi nyekundu ya L mbele na nyuma ili wote wajue kwamba anajifunza, na anakatazwa kubeba abiria mpaka apate permi kamili. Angalieni vizuri: ni moteri ile ile ya 125. Kule ni pikipiki ya mwanafunzi, na mwanafunzi habebi mtu. Kwetu ni pikipiki ya teksi, na mwanafunzi anaanza kazi na watu wawili.

Mtu atasema Uingereza ni mbali. Basi tutazame Kigali, ambako ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanakwenda mara kwa mara. Motari wa kule anabeba mtu mmoja, naye abiria anavaa kaske kama yeye. Mapato ya motari wa Kigali si ya Ulaya. Ni desturi iliyowekwa, ikasimamiwa, watu wakaizoea.

Sheria kwetu haikosekani. Sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 kuhusu barabara inaendelea kutumika, na mwenye kuendesha pikipiki anatakiwa kuwa na permi. Lakini kila mkaaji wa mji anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Permi inaonekana kama karatasi ya kumwonyesha polisi wa rulaje, si ushahidi kwamba mtu anajua kuendesha. Asiyekuwa nayo anaacha kitu kidogo, anapita. Viongozi nao wamewahi kutoa amri za kuzuia manseba kuingia katikati ya mji. Amri ya namna hiyo inahamisha hatari kutoka avenyu za katikati kwenda Kenya na Katuba. Haimfundishi mtu kutumia freni.

Tunajua jibu la vijana, na ni jibu la haki. Wanasema: miezi mitatu bila abiria nitakula nini? Mwenye pikipiki anataka pesa yake kila jioni, tangu siku ya kwanza. Nikikosa kumpelekea, kesho pikipiki inakwenda kwa mwingine. Katika mji ambao kijana mwenye diploma anaweza kukaa miaka bila kazi, hatuwezi kumwambia tu aende akajifunze, tukafunga mazungumzo.

Ndiyo sababu tunaanza na mwenye pikipiki, si na kijana. Yeye ndiye aliyekubali kuipa moteri rodaje. Alikubali kupoteza kidogo mwanzoni ili asipoteze kikubwa baadaye. Hesabu ni ile ile kwa mtu. Mwezi wa kwanza kijana abebe mizigo midogo badala ya watu: mkate wa duka, makala, maji, sahani za mama mwenye restora. Apeleke nusu ya pesa ya kila siku. Mwezi wa pili na wa tatu apeleke zaidi, lakini bado asibebe mtu, na asitoke nje ya komine yake wala kufanya kazi usiku. Mwenye pikipiki ambaye ataona hiyo ni hasara aulize wenzake bei ya kutengeneza pikipiki iliyogongwa, kulipa hospitali ya abiria, na kukaa na familia mbili wakati wa matanga.

Vyama vya manseba navyo vina kazi. Vinajua kukusanya pesa za kituo. Vijue pia kumpa kijana mpya mkubwa mmoja wa kumfuata. Manseba mwenye miaka kumi barabarani anajua mambo ambayo hakuna oto-ekole ya magari inayoyafundisha. Jina lenyewe linamdai: katika Tshiluba, manseba ni mjomba, ndugu ya mama. Mjomba hamkabidhi mpwa wake kwa mtu asiyejua njia.

Ombi letu kwa bamestre wa komine si la pesa nyingi. Watoe kiwanja kimoja katika kila komine, asubuhi moja kwa juma, chenye mawe ya kuzunguka na mstari wa kupimia freni. Ombi letu kwa polisi wa rulaje ni kwamba kwa anayejifunza wachunguze mambo matatu: ana alama inayoonekana nyuma ya pikipiki, ana kaske kichwani, hana mtu nyuma. Mambo hayo yanaonekana kwa macho. Hayahitaji kusimamisha mtu nusu saa na kufungua mazungumzo ya karatasi.

Kuhusu kaske, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kaske iliyovaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa katika ajali zaidi ya mara 6, na hatari ya kuumia ubongo hadi asilimia 74. Shirika hilo hilo linahesabu watu karibu milioni 1,19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka, na linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Huo ndio umri wa manseba wetu, na wa wanafunzi wanaowabeba kwenda Kasapa. Kaske inayoning'inia kwenye kioo au mkononi haimlindi mtu.

Maneno haya yanawahusu pia wale wasiofanya kazi ya teksi: mwalimu, muuguzi, mama mfanyabiashara aliyeweka franka moja moja mpaka akanunua 125 yake ili asisukumane tena kwenye teksibasi. Wao wana bahati ya kutodaiwa pesa jioni. Basi waitumie. Wachague pikipiki ambayo miguu yao miwili inafika chini vizuri, si ile iliyo kubwa kuliko za majirani. Waende barabarani Siku ya Mungu asubuhi, magari yakiwa machache, kabla ya kuthubutu rond-point saa kumi na moja jioni. Na mtoto wa shule asipandishwe nyuma mpaka mzazi ameweza kusimama ghafula mara nyingi bila kuteleza.

Kwa abiria tunasema neno moja la mwisho. Kabla ya kupanda, uliza: “Manseba, una muda gani kwenye kazi?” Akijibu kwamba ameanza juzi, mwambie asante, umpe mfuko wako wa unga apeleke, na wewe upande na mwingine. Atapata pesa kidogo, atapata zoezi, nawe utafika.