Breki Inayokamata Leo na Kukataa Kesho

Askari amenunua pikapu iliyokwisha kutumiwa, ipate kubebea ndizi za biashara ya mkewe. Siku moja, akiteremka Kanaba kuelekea Kisoro na mzigo nyuma, pedali ya breki inazama hadi karibu na sakafu. Anaipampu mara mbili, inapanda, gari linasimama. Kesho yake anampelekea fundi. Fundi anakanyaga, anaiona pedali imara, anasema gari ni zima. Hakudanganya, ameipima breki ikiwa baridi, nayo huugua ikiwa moto.

Kwa hiyo mwenye gari ajiulize kwanza ugonjwa huja wakati gani. Ukija mwishoni mwa mteremko mrefu tu, yashukiwe mafuta ya breki. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka, mvuke hujaa katika mabomba, na mvuke hubonyea, ndipo mguu unazama. Yakipoa, mvuke hurudi kuwa maji na ushahidi wote hutoweka. Ni nadra muuzaji wa gari kuukuu kujua yalibadilishwa lini. Yamwagwe yote, yatiwe mapya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, na upepo utolewe katika kila gurudumu. Wapo wanaojaziliza mafuta ya injini kwa kubana matumizi: hayo hufurisha mipira ya breki na kuiharibu kabisa.

Huenda pedali ikazama hata gari likiwa limesimama. Basi injini iwashwe, mguu ukanyage kwa nguvu ndogo na kutulia hapo nusu dakika. Pedali ikishuka polepole, na hakuna tone lililovuja popote, mipira ya ndani ya masta silinda imechakaa.

Ikizama baada ya njia ya mashimo, gurudumu linyanyuliwe kwa jeki na kutikiswa juu na chini. Beringi iliyolegea husukuma pedi mbali na diski. Na pedali ikiwa ngumu kama jiwe, injini izimwe, breki ikanyagwe mara tano, mguu usiondolewe, kisha injini iwashwe. Isiposhuka kidogo, bomba la hewa la busta litazamwe kabla ya kununua busta nyingine.

Pikapu iliyozamisha pedali hata mara moja isipakie watoto mpaka sababu ijulikane. Dereva aandike katika daftari, kama taarifa ya kituoni: saa, mahali, uzito wa mzigo, pedali ilikuwa laini au ngumu, ilipanda kwa kupampu au haikupanda. Daftari hilo ndilo apewe fundi pamoja na ufunguo.