Wakala asiye na mdhamini

Walimu wa kompyuta wangefanya vyema kuwateremsha wanafunzi wao hadi Bandari ya Kale, hapa Mombasa, kabla ya kuwafundisha habari za programu zitumwazo kununua, kuuza na kupatana bei kwa niaba ya binadamu. Programu hizo huitwa mawakala, na swali zinalozusha ni la kale: utamwaminije usiyemjua?

Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Omani na Bara Hindi yalikuwa na jibu. Nahodha alichukua bidhaa kwa mali kauli, akaondoka na kusi, na mwenye mali akangoja hadi msimu mwingine. Kilichompa usingizi ni kwamba jina lililoharibika Mombasa liliharibika Lamu na Maskati pia, na nahodha hakuwa na jina la pili. Tena palikuwapo mdhamini wa kushikwa. Hawala husimama juu ya msingi uo huo hadi leo.

Programu hupata jina jipya kwa dakika moja. Mwaka 2002 John Douceur wa Microsoft alionyesha kwamba pasipo na mamlaka ya kuthibitisha utambulisho, mtu mmoja aweza kujigeuza umati. Mashahidi mia wanaomsifu muuzaji huenda wakawa ni yeye mwenyewe!

Nasi Wakenya tumekwisha kuonja upande wa pili. Programu za mikopo ya simu zilipima uaminifu wa watu, na majina yakapelekwa kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo kwa madeni madogo mno, hali vijana waliotoka vyuoni wakidaiwa vyeti vya mashirika hayo walipoomba kazi. Mnamo Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina, ikakataza pia kuorodhesha deni lisilofika shilingi 1,000.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine pekee katika mambo mazito, ijapokuwa ina vighairi. Ni hatua njema, lakini yamtazama mhukumiwa tu. Nionavyo, wakala naye sharti awe na mdhamini: mtu au kampuni iliyosajiliwa, ya kushtakiwa mapatano yakivunjwa. Wapo watakaosema kwamba hilo litawafungia mlango vijana wabunifu. Sikubaliani nao. Dhamana yaweza kulingana na ukubwa wa biashara, na mgeni akaanza na kidogo, kama mwenye duka wa Mji wa Kale anavyomkopesha mteja mpya kilo moja ya mchele kabla ya gunia.