Kauli za Wazee

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi wa historia vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo habari zake nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya Wajerumani walioshinda. Nao wazee wakasimulia pamba ya shuruti iliyong'olewa Umatumbi, na dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe. Laiti wanafunzi hao wangalichelewa miaka ishirini, kauli hizo zingalizikwa pamoja na wenyewe.

Leo waliohamishiwa vijiji vipya katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wangali hai, ila wanapungua. Twaiomba serikali iitengee kazi ya kuwahoji nao fungu mahsusi, posho za semina zikisubiri, na vijana watumwe kiangazi hiki hiki.