Sahihi bila kuelewa si ridhaa



Umezoeleka miongoni mwetu msemo mmoja: "Tia sahihi tu, huo ni utaratibu." Mwajiri huutamka akiwa na haraka, nasi huuitikia kwa sababu tuna shida ya kazi. Nasema wazi kwamba msemo huo ni wa hila. Anayeutumia, awe mfanyabiashara, shirika au padre, anamnyima mwenzake haki.

Wazee wa Ngara na Biharamulo wanaikumbuka kambi ya Lukole, iliyowahifadhi wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwaka 2008. Mashirika ya misaada yaliajiri Watanzania, na wakimbizi wengi nao wakapewa kazi kwa malipo madogo. Katika kipindi hicho, mwaka 2002, taarifa kuhusu kambi za Liberia, Guinea na Sierra Leone ilifichua aibu kubwa: baadhi ya wafanyakazi wa misaada waliwadai wasichana ngono ili wawape chakula ambacho tayari kilikuwa haki yao. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alitoa waraka. Ulikataza ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama mtu alidhani ni mkubwa. Ulikataza kubadilishana fedha, ajira au msaada kwa ngono. Tena ulimwagiza kila mfanyakazi atoe taarifa akimshuku mwenzake. Mashirika yanayoshirikiana na Umoja wa Mataifa yalitakiwa kukubali masharti hayo, na kanuni za maadili za kutiwa sahihi zikaenea katika kazi za misaada.

Fikirini sasa juu ya mgawa chakula anayetia sahihi kanuni kama hizo bila kuzielewa. Hajui kwamba akinyamaza amevunja ahadi yake. La kusikitisha zaidi, hajui kwamba karatasi ile ile ingemlinda binti yake mwenyewe. Waraka usioeleweka humfunga mnyonge kwa wajibu wake na kumficha haki zake. Mwenye kuelewa peke yake ndiye anayefaidi.

Nchi yetu iliuonja uchungu huu zamani. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami, akikusanya kwa machifu mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaitumia mikataba hiyo kutangaza ulinzi wake juu ya nchi hizo. Alama iliyowekwa kwenye karatasi isiyosomeka ikahesabiwa kuwa ridhaa.

Wapo watakaosema: "Mfanyakazi hakulazimishwa. Ni mtu mzima." Papa Leo wa XIII alikwisha kuwajibu mwaka 1891 katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba mtu anayekubali masharti magumu kwa kubanwa na dhiki au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa nguvu, wala makubaliano hayo si ya haki kwa kuwa tu yamekubaliwa.

Maandiko Matakatifu nayo yanatuonyesha njia. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, Ezra alisoma Sheria mbele ya watu wote, na Walawi wakaifafanua mpaka watu wakaelewa. Ni baadaye, katika sura ya 10, ndipo wakuu wa watu walipotia mihuri yao. Kusoma kwanza, kueleza pili, kutia sahihi mwisho.

Sheria ya nchi haiko mbali na hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi, saa, mahali na ujira. Asipoyaelewa, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha anaelezwa kwa namna anayoielewa. Tena tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Ikiwa mahakama inapaswa kusema nasi kwa Kiswahili, ofisi ya ajira ina udhuru gani?

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tu. Nikiri kosa langu. Niliwahi kumpa mlinzi wa parokia karatasi ya Kiingereza, naye akaweka dole gumba. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kukatwa mshahara kwa mali itakayopotea. Betri ya sola ilipoibiwa, wajumbe walitaka akatwe. Nilipomwuliza kama alikijua kifungu hicho, alinijibu: "Padre, nilidhani umenipa karatasi ya mshahara." Hatukumkata. Hata hivyo, aibu ile sijaisahau.

Kwa hiyo nawaombeni, ninyi viongozi wa walei, mambo manne. Kwanza, asitie mtu sahihi siku ile ile. Aombe nakala, aende nayo nyumbani. Pili, kila jumuiya iwe na mtu wa kuwasomea wasiojua kusoma. Tatu, tuulize daima: nikikosea nitafanywa nini, nikionewa nitamlalamikia nani, na anayeibadili kanuni hii ni nani? Nne, tuanze nyumbani: mpishi, mlinzi, na wahudumu wa zahanati na shule zetu wasomewe upya masharti yao, kwa Kiswahili, mbele ya shahidi wanayemwamini.

Mwajiri atakayekasirika kwa kuombwa muda wa kusoma, amekwisha kutuonyesha kilichomo katika karatasi yake.